Kiwanda Kisicho na Mtu

Anayetaka kuitafuta Jamhuri ya Tunasonga kwenye ramani asijisumbue. Ramani za huko huchorwa na Wizara ya Habari Njema, na wizara hiyo bado haijaridhika na umbo la nchi. Itoshe kujua kwamba ni nchi ya amani, yenye bendera ya rangi saba, na serikali inayowapenda wafanyakazi kiasi cha kuwatengea siku nzima kila mwaka ya kusimama juani na kuhutubiwa.

Katika nchi hiyo, kwenye mji mdogo wa Nangumbila, kulikuwa na kiwanda cha korosho, na ndani ya kiwanda alikuwamo mwanamke aitwaye Siwema Chitanda. Kazi yake ilikuwa kubangua. Alikaa benchi la saba pamoja na shangazi yake, Bi. Asumini, dada wa marehemu baba yake, ambaye ndiye aliyemlea na ndiye aliyemwingiza kazini. Wanawake mia mbili walikaa kwenye mabenchi yale tangu asubuhi mpaka jioni wakipasua maganda. Ganda la korosho, kwa asiyejua, lina mafuta makali. Yakikupata, huondoka na ngozi. Kiwanda kiliwagawia wabanguaji majivu ya kupaka mikononi, kikombe kimoja kwa kila mmoja, na ukutani kiliwabandikia bango zuri: MKONO NI AFYA, ULINDE.

Bi. Asumini alikuwa na miaka ishirini na sita kwenye benchi. Mikono yake ilikuwa myeusi, imepasuka kama tope la bwawa lililokauka, na ikifika jioni hakuweza kukunja vidole ashike tonge. Siwema ndiye aliyemlisha. Kila akilishwa, shangazi alitazama pembeni, maana si jambo jepesi kulishwa na mtoto uliyemlisha mwenyewe.

"Ni uzee tu," Bi. Asumini alikuwa akisema. "Si kazi."

"Mimi nina thelathini na mbili, shangazi, na vyangu vimeanza kukakamaa. Nao ni uzee?"

"Wako ni uvivu."

Siwema hakusoma sana, lakini alikuwa na akili ya mikono. Alikwenda kwa Fundi Chimbende, mtengeneza baiskeli wa sokoni, akashinda naye Jumapili tano. Kwa pedali kuukuu, vipande viwili vya panga na bati la debe, wakaunda kitu. Ukikanyaga pedali, visu vinakutana na kulipasua ganda. Bati linazuia mafuta yasiruke. Koleo dogo linachomoa korosho nzima, nyeupe, haina jeraha. Kidole hakigusi chochote. Siwema alikiita Nafuu, akakifunga kwenye benchi la saba, upande wa shangazi yake.

Wiki ya tatu Bi. Asumini alimega tonge mwenyewe. Halikuwa tonge la kujivunia, nusu yake ilidondokea mkekani, lakini alilimega. Kisha shangazi akasema mboga haina chumvi, na Siwema akajua kwamba amepona.

*

Miaka miwili kabla ya hapo, kule Makao Makuu, Waziri wa Furaha Kazini alikuwa amerudi kutoka ughaibuni. Jina lake Mheshimiwa Profesa Burhani Tukuza. Huko alikokwenda alihudhuria kongamano la siku nne juu ya teknolojia ya kuboresha maisha ya mfanyakazi, akakaa kwenye kiti kilichomkanda mgongo chenyewe, na akaamua kwamba nchi yake nayo lazima isonge.

"Ndugu wananchi!" aliwahutubia watu kwenye uwanja wa ndege, hata kabla ya kuteremka ngazi zote. "Dunia imetoka kwenye jasho, imeingia kwenye jukwaa! Nasi hatutabaki nyuma tukijifuta!"

Hivyo ukaundwa Mfuko wa Mitaji ya Kuthubutu. Kazi yake ilikuwa kuwapa mtaji wabunifu ambao benki zimewakataa, ili wabuni vitu vya kumrahisishia mtu kazi. Mwaka wa kwanza Mfuko ulithubutu kujijengea ghorofa kumi na moja. Mwaka wa pili ulitangaza fomu ya maombi, ambayo ilimtaka mbunifu athibitishe kwamba ameshafanikiwa. Hakuna aliyeomba, na Mfuko ukasikitika sana kuona vijana wa siku hizi hawathubutu.

Mkuu wa Mfuko alikuwa Ndugu Evarist Kamanzila, mtu mlaini, mwenye miwani isiyo na fremu na sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa. Wasaidizi wake walimwita Malaika. Ndivyo anavyoitwa, walieleza, mtu anayetangulia kuweka mtaji mahali ambapo wengine wanaogopa. Habari za Nafuu zilipomfikia, na msafara wa magari manane ukaingia Nangumbila, meneja wa kiwanda aliwatangazia wabanguaji kwamba leo wanatembelewa na malaika.

"Malaika yupi?" akauliza Bi. Asumini. "Maana wako wengi, na mmoja wao kazi yake tunaijua."

Kamanzila alisimama mbele ya benchi la saba. Aliitazama pedali ikishuka na kupanda. Akavua miwani, akajifuta macho.

"Umegundua nini hapa, dada yangu?"

"Kitu cha kubangulia, bwana," alisema Siwema. "Mikono isiungue."

"Hapana," akasema Malaika taratibu. "Usijidharau. Wewe umegundua jukwaa."

Siwema akatazama chini. "Hili ni benchi, bwana."

Wasaidizi wote waliandika neno hilo kwenye vishikwambi vyao.

Siwema alikuwa na ombi moja tu, na alikuwa amelifanyia mazoezi tangu alfajiri. Alitaka Nafuu mia mbili, moja kwa kila mbanguaji. Fundi Chimbende yuko tayari, vyuma vipo, kinachokosekana ni mtaji wa kuanzia. Kamanzila alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza wimbo wa mtoto.

"Mia mbili? Dada, usiote ndoto ya kibaba. Duniani kuna watu bilioni nne wanaofanya kazi."

"Mimi nawajua hawa mia mbili, bwana."

"Tutaanza na dunia," alisema Malaika, "hawa watafuata."

Mkataba ulikuwa na kurasa sitini na ulisainiwa juu ya gunia la korosho. Siwema akawa Mwasisi wa Kampuni Changa ya Nafuu. Alipewa fulana iliyoandikwa NATHUBUTU, akapigwa picha akiwa katikati ya Kamanzila na meneja, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa akimwita "wewe wa saba."

"Nenda, mwanangu," shangazi alimwambia walipokuwa wakiagana getini. "Ila ukiona wanakusifia sana, hesabu vidole vyako."

*

Ofisi ya Kampuni Changa ya Nafuu ilikuwa ghorofa ya tisa, ya vioo pande zote, na ndani mlikuwa na wataalamu kumi na wanne wa maisha ya kazini. Walikuwa vijana wema. Walikaa kwenye mipira mikubwa badala ya viti, wakala matunda yaliyokatwakatwa, na kila asubuhi walisimama duara wakaulizana jana umejifunza nini. Hakuna hata mmoja aliyepata kuona korosho yenye ganda. Siku Siwema alipowaletea moja, walipokezana kwa furaha kubwa, na mmoja wao, binti aliyekuwa mkuu wa kitengo cha Kuhisi Pamoja na Mfanyakazi, akaing'ata. Aliungua midomo, akapewa likizo ya wiki mbili na maua.

Kazi ya kuiboresha Nafuu ilianza mara moja. Kwanza iliondolewa pedali, kwa kuwa pedali haiwezi kuingia kwenye simu. Mwezi uliofuata mwanasheria akaviondoa visu, kwa kuwa visu hukata. Bati lilikuwa zito kusafirisha. Siwema alihudhuria vikao vyote, akakaa kwenye mpira wake, akanyoosha mkono.

"Na koleo?"

"Koleo halijaondoka, Mwasisi," alijibu Kamanzila kwa upole. "Koleo limekuwa roho ya bidhaa."

Kilichobaki kilikuwa mashine ndogo ya kubandika mlangoni, yenye kioo. Mfanyakazi anaweka kidole, mashine inamtambua, inamwandika kwamba amefika, kisha inamuuliza: Unajisikiaje leo? Nyuso tatu zinatokea achague moja. Nafurahi. Nafurahi sana. Nafurahi mno. Majibu hupelekwa wizarani papo hapo, na Mheshimiwa Waziri huweza kuiona furaha ya taifa ikipanda mezani kwake wakati anakunywa chai.

Siku ya nne baada ya mashine hiyo kukamilika, Siwema aliomba kuondoka. Mwanasheria akamfungulia ukurasa wa arobaini na moja. Mwasisi akiondoka, huliacha jina, mchoro, na haki ya kutengeneza kitu chochote kinachofanana na mchoro huo. Fundi Chimbende alikuwa ameshapelekewa barua ya kumkataza. Na ile Nafuu ya benchi la saba ilikuwa imeng'olewa na kuletwa Makao Makuu, ikawekwa ukumbini ndani ya kabati la kioo, na kibao: USIGUSE.

Siwema alisimama mbele ya kabati lile. Kwenye ukingo wa bati aliona bado kuna doa la majivu, mahali shangazi alipozoea kuegemeza kiganja.

"Anabanguaje sasa?" aliuliza.

"Nani?" akauliza Kamanzila.

"Shangazi yangu."

"Aa." Malaika akamshika bega. "Pedali zitarudi, dada. Ziko Awamu ya Pili. Wewe ukiwapo, nani atazisahau? Ukiondoka, nani atazikumbuka?"

Lilikuwa neno lenye akili, na ndilo lililomweka. Miezi minane Siwema alikaa ghorofa ya tisa akiilinda Awamu ya Pili kama mtu anayelinda chungu kisichokuwa na moto chini yake. Hakubangua hata korosho moja. Viganja vyake vikatakata, ngozi ikarudi, kucha zikaota nyeupe. Alipovitazama alisikia haya, akavificha chini ya meza.

*

Siku ya uzinduzi kiwanda cha Nangumbila kilipakwa rangi upande wa barabarani. Mheshimiwa Waziri alikuja na bendi ya polisi. Mashine ilikuwa imebandikwa mlangoni na kufunikwa kitambaa cha rangi saba, na wabanguaji mia mbili walipangwa mstari, wamevaa fulana za NATHUBUTU. Wa kwanza kwenye mstari alikuwa Bi. Asumini, kwa kuwa ndiye mkongwe.

Siwema alikuwa jukwaani. Aliona mikono ya shangazi kabla ya uso. Ilikuwa imerudi kuwa myeusi, na kidole gumba cha kulia kimefungwa kitambaa.

Bi. Asumini akaweka kidole kingine kwenye kioo. Mashine ikafikiri, kisha ikatangaza kwa sauti nzuri ya kike:

"Hakuna mtu."

Watu wakacheka. Fundi wa mitambo akafuta kioo kwa kitambaa. Shangazi akaweka kidole cha pili, cha tatu, akamaliza mkono wa kulia, akaingia wa kushoto.

"Hakuna mtu. Hakuna mtu. Hakuna mtu."

Akaja wa pili, akaja wa kumi, akaja wa hamsini. Bendi iliendelea kupiga kwa sababu hakuna aliyeiambia inyamaze. Mpaka adhuhuri wanawake wote mia mbili walikuwa wamejaribu, na mashine ilikuwa imeona sifuri. Hapakuwa na ajabu yoyote. Mafuta ya ganda yalikuwa yamekula alama za vidole vyao miaka mingi iliyopita, na vidole vyao vilikuwa laini kama sabuni iliyotumika. Mwanamke yeyote wa Nangumbila angeweza kuwaambia jambo hilo, lakini katika kurasa mia tatu za utafiti hapakuwa na mahali pa kumuuliza, hata akiwa Siwema mwenyewe.

Waziri aligeuka kumtazama Kamanzila. Jasho lilimtoka Malaika, la kwanza kuonekana kwake. Akakitazama kishikwambi. Wafanyakazi: sifuri. Korosho iliyobanguliwa kwa mwezi: tani kumi na nane. Akakitazama tena, na polepole uso wake ukaanza kung'aa.

"Mheshimiwa," alinong'ona, "tani kumi na nane, gawanya kwa wafanyakazi sifuri."

"Inakuwa ngapi?"

"Haina mwisho, Mheshimiwa."

Waziri alikamata kipaza sauti kwa mikono miwili. "Ndugu wananchi! Nchi zilizoendelea zinajitapa kwamba zimepunguza wafanyakazi. Sisi, kwa muda wa asubuhi moja tu, tumewamaliza!"

Vigelegele vilipigwa na wale waliopangwa kuvipiga. Siwema aliteremka jukwaani akamwendea Kamanzila.

"Bwana, hawa wapo. Wewe unawaona."

"Naona, dada," alisema Malaika, na macho yake yalikuwa na machozi ya furaha. "Lakini tazama kitu ulichokigundua!"

*

Mishahara Nangumbila ilikuwa sasa inafuata mashine. Meneja aliwaita wabanguaji uani akawaeleza kwa ubinadamu wote. Alisema hawafukuzi, kwani mtu asiyekuwapo hafukuzwi. Wakitaka kuendelea kuja, lango liko wazi. Watachukuliwa kuwa majirani wa kiwanda, na kila Ijumaa jirani atapewa fungu la korosho zilizovunjika, kwa ujirani mwema. Wale watakaovumilia wataandikwa Awamu ya Pili.

Waliendelea kuja. Msomaji wa mbali atauliza kwa nini. Kwa sababu Nangumbila ilikuwa na kiwanda kimoja, na kwa sababu korosho zilizovunjika zinauzika, na kwa sababu mtu akikaa kwenye benchi moja miaka ishirini na sita huamka asubuhi na miguu inakwenda yenyewe.

Mwezi wa pili wa ujirani, ganda lilipasuka vibaya na mafuta yakamrukia Bi. Asumini jichoni. Siwema alipata habari, akapanda basi bila ruhusa ya mtu, na alipofika alimkuta shangazi amelala ubavu, jicho limefungwa kanga. Hospitalini walimwosha, wakasema apelekwe haraka kwa daktari bingwa wa macho, na kwa kuwa ni ajali ya kazini, serikali itamlipia, ila fomu ipigwe muhuri na mwajiri.

Meneja aliisoma fomu mpaka mwisho. "Siwezi, Mwasisi. Kiwanda kina siku hamsini na tisa bila ajali. Hata ningetaka, ningeandika ameumia nani?"

Wakaenda Ofisi ya Fidia ya mkoa. Karani aliyewapokea, Bwana Mtulia, alikuwa mtu wa huruma za kweli. Alimpisha Bi. Asumini kiti chake, akampa maji.

"Mama, mimi kama mimi nakuona," alisema. "Na nakupa pole kutoka moyoni. Ila kwa nafasi yangu hapa ofisini, hupo. Kiwanda kile hakina mfanyakazi. Tulipewa hata tuzo kwa ajili yake."

"Nimeketi kwenye kiti chako, baba," Bi. Asumini alisema. "Asiyekuwapo anakaa?"

"Ndiyo maana nimesimama, mama. Ila kwenye daftari, kiti kiko wazi."

Siwema alipiga kiganja mezani. Kiganja kikaangukia juu ya mashine, kwani wakati huo kila ofisi ya Tunasonga ilikuwa nayo, na sauti nzuri ya kike ikasema:

"Karibu, Siwema Chitanda. Unajisikiaje leo?"

Siwema aligeuza mkono akavitazama vidole vyake. Miezi yote ile ya vioo na matunda, alama zilikuwa zimeota upya, mistari myembamba inayozunguka, mizima.

"Mimi naonekana," alisema.

"Waziwazi," alisema Bwana Mtulia.

"Basi nikirudi kwenye benchi, kiwanda kitakuwa na mfanyakazi. Na mfanyakazi akisema wenzake wapo, akasema mwenzake kaumia, ofisi itamsikia?"

Karani alifungua kanuni, akasoma kwa kidole, akafunga. "Mfanyakazi aliyeandikwa ni shahidi halali. Kwa kweli, itabidi tumsikie."

Bi. Asumini alimshika mpwa wake mkono. "Siwema. Umetoka kule. Usirudi kwa ajili ya jicho moja. Ninalo jingine."

Siwema alirudi. Ulikuwa uamuzi rahisi kuliko yote aliyowahi kufanya, na kwa mara ya kwanza tangu asaini zile kurasa sitini, alicheka. Jumatatu aliingia langoni, akabonyeza kidole, akakataa kuchagua uso wowote mpaka mashine ikachoka ikachagua yenyewe nafurahi mno, na akakaa benchi la saba. Wanawake walimpigia vigelegele. Jioni ya siku ile aliandika ushahidi wake kwa mkono, ukurasa mmoja: majina mia mbili, na la shangazi yake mwanzo. Akautuma wizarani.

*

Wizarani hawakuusoma kwanza, kwa kuwa takwimu zilifika kabla ya barua. Takwimu zilisema hivi: Nangumbila kuna mfanyakazi mmoja, na mfanyakazi huyo anabangua tani kumi na nane kwa mwezi.

Gari lilimfuata Siwema baada ya siku tatu. Alidhani anapelekwa kutoa ushahidi. Alipelekwa Ukumbi wa Taifa, akavishwa kanga mpya, akasimamishwa kwenye zulia, na Mheshimiwa Profesa Burhani Tukuza akambandika kifuani Nishani ya Jasho, Daraja la Kwanza.

"Mama huyu," alisema Waziri, na sauti ikamkatika kwa hisia, "kwa mikono yake miwili anafanya kazi ya watu mia mbili! Hii ndiyo nguvu ya teknolojia inapomkuta mfanyakazi mwenye furaha!"

Akampa kipaza sauti. Siwema alikuwa amejiandaa kwa chumba chenye karani na meza, lakini hakutetereka.

"Mheshimiwa, si mimi peke yangu. Tuko mia mbili. Wenzangu wako kule kwenye mabenchi, hawalipwi, hawaandikwi. Shangazi yangu ameunguzwa jicho na anapofuka. Nawaomba mje muwatazame. Tuko mia mbili."

Waziri akauchukua mkono wa Siwema akauinua juu.

"Mmesikia unyenyekevu huo?" alipaza sauti. "Mtu mmoja, na anajihisi mia mbili! Ni nani kati yenu anayejihisi hata wawili?"

Makofi yalidumu dakika kumi na moja, na baadaye yaliandikwa kwenye kumbukumbu za Bunge.

Mwezi huo huo ilitoka amri kwamba kila kiwanda cha Tunasonga kijitahidi kufikia mfanyakazi mmoja. Mfuko wa Mitaji ya Kuthubutu uliiuza Kampuni Changa ya Nafuu kwa wageni, na Ndugu Kamanzila akaenda kuwa malaika mahali pengine. Awamu ya Pili ilifutwa kwa sababu ya wazi: pedali zilikusudiwa kulinda mikono, na kiwandani hapakuwa na mikono iliyokuwa hatarini. Kuhusu jicho, Ofisi ya Fidia ilijibu kwa barua nzuri yenye muhuri. Ilisema imechunguza, ikaona kwamba Nangumbila ina mfanyakazi mmoja tu, na katika picha za sherehe zilizochapishwa magazetini macho yake yote mawili yanaonekana mazima. Bwana Mtulia alikuwa ameongeza kwa kalamu, chini kabisa, Poleni sana.

Siwema alimsomea shangazi yake barua hiyo mara mbili. Kufikia siku ile jicho la kulia lilikuwa limeshakuwa jeupe.

"Ulisema kweli kule?" aliuliza Bi. Asumini.

"Nilisema."

"Wakakusikia?"

"Walipiga makofi."

"Basi umesema, mwanangu," alisema. "Nani angekwenda mbali zaidi ya hapo?"

*

Bi. Asumini hakurudi kiwandani. Siwema alirudi, maana sasa walikuwa wawili kwa fungu moja la Ijumaa. Mshahara wake wa kuonekana aliupata miezi mitatu, akaugawa kwenye mabenchi, na wako waliopokea bila kumtazama usoni, kwani lilikuwa limeenea neno kwamba yeye ndiye aliyepewa nishani kwa kazi yao. Hakujitetea. Alipaka majivu kama wengine, akabangua kama wengine, na mafuta hayakumbagua. Masika yalipoisha aliweka kidole kwenye kioo cha mlangoni, mashine ikafikiri muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina, kisha ikasema hakuna mtu. Gazeti la serikali liliandika kwamba shujaa wa taifa amestaafu akiwa na furaha mno.

Kiwanda sasa kilikuwa kivutio. Wageni waliletwa kutoka nchi jirani kuja kujifunza, wakapitishwa katikati ya mabenchi na kijana msomi mwenye kijiti cha kuelekezea. Siku moja walikuja kumi na wawili, wamevaa kofia za plastiki, na njia ilikuwa nyembamba.

"Na hapa, waheshimiwa," alisema kijana, "ndipo palipokuwa na wafanyakazi mia mbili katika zama za giza. Kama mnavyoona, sasa hakuna mtu."

Wageni waliangalia kulia na kushoto, wakatikisa vichwa kwa heshima. Mmoja wao, mzee mnene mwenye uso mwema, alirudi nyuma ili apige picha, na kisigino chake kikakanyaga mguu wa Siwema, kwa nguvu.

"Aa, samahani, mama!" alisema.

Msafara wote ulisimama. Kijana akageuka.

"Unamwomba radhi nani, mheshimiwa?"

Mzee alimtazama Siwema. Siwema naye alimtazama, na mikono yake ilisimama juu ya ganda. Kati yao palikuwa na hatua moja tu. Nyuso kumi na mbili zilikuwa zikimsubiri yule mzee, naye alikuwa mgeni, amelipiwa tiketi na hoteli.

"Hakuna," alisema. "Mazoea tu."

Wakaendelea mbele. Siwema akauvuta mguu wake chini ya benchi, akachukua korosho nyingine.